Mnaoanza kusoma maharamia wanawake, anzeni na daftari

Wadogo zangu mliochukua historia ya bahari mwaka huu karibuni sana. Nimeona orodha ya mada zenu, karibu nusu mmeandika "maharamia wanawake" na najua kabisa kwanini, maana na mi niliandika hivohivo, kichwani nina picha ya mwanamke kasimama juu ya tezi, nywele zinapepea, upanga mkononi. Ngoja niwaambie nilipoanguka ili nyie angalau mkaanguke sehemu nyingine.

Kosa la kwanza, nilibeba watu watano kwa mpigo. Anne Bonny na Mary Read wa Karibea, Grace O'Malley wa Ireland, Sayyida al-Hurra wa Tetouan kule Moroko, na Zheng Yi Sao wa China. Kurasa kumi, kila mtu kurasa mbili, ni kama kupika pilau la harusi kwenye sufuria ya chai. Supavaiza akasoma yote, akaniuliza swali moja tu, kati ya hawa nani alikua nahodha? Nikabaki natoa macho. Maana Anne Bonny na Mary Read ambao kila mtu anawajua walikua mabaharia kwenye chombo cha haramia Rackham, wakakamatwa nae Jamaica mwaka 1720, nahodha ni yeye. Sayyida alikua mtawala wa mji, Grace ni kiongozi wa ukoo wenye vyombo vyake. Wote ni wanawake wa maana, sikatai, ila ukitafuta mwanamke aliekua anatoa amri na mamia ya majahazi yanatii, unabaki na mmoja, Zheng Yi Sao, pwani ya kusini ya China, kuanzia mwishoni mwa 1807 mpaka April 1810. Miaka miwili na nusu tu hiyo, na mi nikahamia huko na sijatoka mpaka leo.

Sasa jina. Mitandaoni wanamwita Ching Shih, na wengi mtaingia kwa jina hilo kama nilivyoingia mimi, wiki nzima natafuta "Bi Ching" kama vile ni jina lake. Kumbe ni namna ya zamani ya kuandika Zheng Shi, mwanamke wa ukoo wa Zheng. Na Zheng Yi Sao ni "mke wa kaka Zheng Yi", yaani shemeji. Jina lake la kuzaliwa ni Shi Yang, kazaliwa 1775. Ni kama mtaani kwetu, kila mtu anamjua Mama Juma ila nenda kamtafute Mama Juma kwenye rejista ya kijiji uone kama utampata. Kwahiyo ukianza kutafuta tafuta kwa majina yote na spelingi zote, la sivyo utakosa nusu ya maandishi. Alafu tafadhali msimchanganye mumewe na Zheng He, yule admirali ambae meli zake zilifika Malindi. Kati yao ni miaka mia nne. Kuna mwenzangu alichanganya, tena kwenye presentesheni, mbele ya watu, sitaki hata kukumbuka.

Haya, sasa nifike kwenye kitu chenyewe nilichotaka kusema.

Kabla ya chuo nilifanya kazi bandarini, karani wa kuhesabu mzigo. Unasimama kwenye jua, gunia linashuka unapiga kistari, manne alafu la tano unakata, jioni hesabu yako inakaa pembeni ya hesabu ya chombo na hapo ndo ugomvi unaanza. Nilichojifunza pale ni kwamba mzigo hauibiwi na jambazi mwenye bunduki, unaibiwa na mtu wa ndani, gunia moja moja, na ukiwa mzembe wa kuandika siku tatu tu umekwisha. Basi nilivyokuja kusoma habari za huyu mama nikaona mbona huyu ni bosi wangu kabisa.

Kuna mtu anaitwa Yuan Yonglun, aliandika habari za maharamia hawa, ikatoka 1830, na mwaka uliofuata tu ikatafsiriwa Kiingereza. Mle ndani kuna sheria tatu. Ukishuka pwani bila ruhusa unatobolewa masikio mbele ya kikosi kizima, ukirudia unauliwa. Mali yote iliyotekwa inaletwa mbele na kuandikwa, aliyeiteka anapata mafungu mawili kati ya kumi, manane yanaenda ghala la wote, na ukichomoa kitu ghalani ni kifo. Ya tatu inahusu mateka wa kike, nitairudia chini maana ina mambo yake. Na kuna kijitu kidogo ambacho watu wengi wanakiruka, kwamba anayeandika hizo mali ni karani wa chombo, na ile tafsiri ya Kiingereza inamwita kitu kama "mwalimu wa wino na maandishi". Niliposoma hapo nilicheka peke yangu maktaba. Mwalimu wa wino! Sisi bandarini tulikua tunaitwa majina mabaya zaidi.

Ila sikilizeni, hapa nilijikwaa tena. Mitandaoni wanasema hizo sheria alizitunga Zheng Yi Sao. Nikaandika hivo kwa kujiamini. Kumbe Yuan mwenyewe anasema ni za Zhang Bao, yule kijana alieongoza kundi la Bendera Nyekundu chini yake. Kuhusu mama mwenyewe anasema kitu kingine, ambacho kwangu ni kitamu zaidi: kwamba alikua mkali kwenye kila shughuli, hakuna kinachofanyika bila maombi ya maandishi, na kila kilichotekwa lazima kiingie kwenye daftari la ghala. Yaani unataka hela ya kununua mchele unaandika barua. Haramia anaandika barua! Kwahiyo ukikuta madai matamu mahali rudi kwenye maandishi ya mwanzo usome mwenyewe, mara nyingi ukweli uliopo kule ni mzuri kuliko uongo uliouleta.

Na kwanini awe mkali hivo kwenye makaratasi? Hapa ndo supavaiza alinisukuma sana na namshukuru. Mi nilidhani maharamia wanaishi kwa kuteka meli tu. Kumbe sehemu kubwa ya biashara yao ilikua kuuza usalama. Wenye majahazi ya chumvi, wavuvi, wafanyabiashara wa pwani, wote wananunua kibali, na chombo kikisimamishwa baharini nahodha anatoa karatasi yake anaachiwa apite. Sasa jiulize, karatasi ile ina thamani gani kama haramia mmoja mwenye njaa anaweza kukupora hata ukiwa nayo? Haina. Siku watu wake watakapoidharau hakuna atakaenunua tena. Ndo maana, kwa maoni yangu, adhabu zilikua kali kwa watu wa ndani kuliko unavyotegemea, alikua analinda thamani ya karatasi. Hii ndo hoja ya tasnifu yangu nzima nimewapa bure hapa, msiikopi tu.

Jinsi alivyofika pale juu nitapita haraka. Aliolewa na Zheng Yi mwaka 1801, inasemekana kabla ya hapo alikua kahaba kwenye vyombo vya starehe. Mumewe na wenzake walikua wanapigana upande wa utawala wa Tây Sơn kule Vietnam, wanapanda kuja China na upepo wa kusini miezi ya joto alafu ukigeuka wanarudi nao, mtu wa pwani yetu anaeijua kaskazi na kusi haitaji kuelezwa mara mbili hapo. Mwaka 1802 Tây Sơn wakaanguka, wakarudi jimbo la Guangdong kusini mwa China wakaanza kuuana wenyewe kwa wenyewe, mpaka 1805 viongozi saba wakatia saini mkataba wa kuungana. Tena na huo ni mkataba wa maandishi, mnaona. Mmoja akajitoa yakabaki makundi sita kwa rangi za bendera: nyekundu, nyeusi, nyeupe, kijani, bluu na njano. November 1807 mume akafa baharini. Mjane akawashika ndugu wa mume wakabaki upande wake, alafu Bendera Nyekundu akampa Zhang Bao, mtoto wa mvuvi alietekwa na miaka 15 na mumewe akamfanya mtoto wa kulea. Baadae akawa mpenzi wake. Ndio, mtoto wa kulea wa marehemu. Darasani kila mwaka wanaguna hapo, gunani alafu tuendelee.

Kuhusu mateka. Ile sheria ya tatu inasema mwanaume haruhusiwi kumgusa mateka wa kike bila idhini, lazima aombe kwa karani, akitumia nguvu au akioa bila ruhusa anauliwa. Watu wanaisoma wanaanza kushangilia, eti mtetezi wa wanawake. Jamani. Kuna Mwingereza anaitwa Richard Glasspoole, ofisa wa meli ya Kampuni ya Uingereza ya India ya Mashariki, alitekwa September 1809 akakaa nao kama wiki kumi na moja, na aliandika. Anaeleza kijiji kilivamiwa wakachukuliwa wanawake kama 250 na watoto, wengi walishindwa kukimbia sababu miguu yao ilikua imefungwa toka utotoni. Baadhi wakakombolewa na ndugu zao, waliobaki wakauzwa kwa mabaharia kwa dola 40 kila mmoja. Ukisoma ile sheria pembeni ya hizo dola 40 unaelewa kwamba mateka nae alikua mali inayopita kwenye daftari. Mi niliwahi kuandika sura nzima ya kumsifia huyu mama na ilibidi niifute yote, iliniuma, ila ilikua lazima ifutwe.

Huyo Glasspoole msome lakini kwa akili, ni mateka mwenye hasira na anawadharau waliomteka, inaonekana wazi. Uzuri wake upo kwenye vitu vidogo ambavyo hakua na sababu ya kudanganya. Kwamba kila baharia alikua na kijisehemu cha kama futi nne kwa nne na humo anakaa yeye, mke na watoto. Kwamba kuna kipindi walikula viwavi waliochemshwa na wali wiki tatu mfululizo. Kwamba wakati wa mapigano mke wa mkuu wa kikosi alikua anamnyunyizia yeye Glasspoole maji ya kitunguu saumu ili risasi zisimpate. Na fidia yake, mbali na pesa taslimu, ilikua na makasha mawili ya afyuni, mapipa mawili ya baruti na darubini. Nikiona orodha kama hiyo moyo wangu wa bandarini unatulia.

Namba. Hapa nisikilizeni vizuri sababu hapa ndo mtakamatwa. Mtakutana na "majahazi 1,800 na maharamia 80,000". Wengine wanaohesabu kwa tahadhari wanasema shirikisho lote mwaka 1805 lilikua na majahazi kama 400 na watu kati ya 40,000 na 60,000. Alafu kuna namba za siku ya kusalimu amri, April 20, 1810: watu 17,318, vyombo 226, mizinga 1,315. Mnaona tofauti? Ile 80,000 ni ya kukadiria, 17,318 ni ya mtu kukaa na kuhesabu. Hata hiyo ya pili sio takatifu, mhesabuji wa serikali nae ana bosi wa kumfurahisha, ila angalau kuna karani nyuma yake. Kila ukiandika namba jiulize nani aliihesabu na alikua amesimama wapi.

Na kusalimu amri kwenyewe msikuite kushindwa. November 1809 serikali na Wareno wa Macau waliwafungia Bendera Nyekundu kwenye ghuba ya kisiwa cha Lantau, wakatuma vyombo vilivyowashwa moto, upepo ukavirudisha, wakachomoka. Kilichomuumiza mama zaidi ni Guo Podai wa Bendera Nyeusi, alikataa kuja kusaidia, January akasalimu akapewa cheo. Mazungumzo ya kwanza na gavana mkuu Bai Ling yakavunjika. Basi April mama akaenda mwenyewe Guangzhou na wanawake na watoto 17, bila silaha hata moja, akakaa mezani. Alitoka pale na msamaha, mali yao wamebaki nayo, Zhang Bao kapewa cheo jeshini na vyombo vyake kadhaa. Mi hii sehemu naisoma kila mwaka na bado nasisimka.

Wengi mtaishia hapo kwenye kuandika, na hapo ndo mtakua mmeacha nyama. Zhang Bao alikufa 1822, mama akarudi Guangdong 1824, akaendesha nyumba ya kamari. Mwaka 1840, ana miaka 65 hivi, akafungua mashtaka dhidi ya ofisa mmoja wa serikali, akidai kwamba mwaka 1810 Zhang Bao alimkabidhi yule bwana taeli 28,000 za fedha (taeli ni kipimo cha Kichina cha uzito wa fedha) awanunulie shamba na majengo, na bwana akazila. Miaka thelathini imepita, bado anakumbuka taeli zile, na hesabu anayo. Kesi ikafika mpaka kwa mfalme ikatupwa. Akafa 1844. Ile kesi ndo nilianza nayo sura yangu ya kwanza, supavaiza akaandika pembeni kwa kalamu nyekundu "sasa umeanza".