Maandalizi ya safari ya kwanza ya kuwinda kulungu: anza na yanayofuata baada ya mlio

Wanaonijia kwa ushauri kabla ya safari yao ya kwanza ya kuwinda kulungu karibu wote huanza na bunduki: kaliba gani (yaani upana wa tundu la mtutu) inafaa, darubini ya nguvu kiasi gani, risasi za uzito upi. Ni maswali ya haki, nami nitayagusa, lakini kosa linaloniuma zaidi katika miaka yangu ya uwindaji halikutokana na bunduki hata kidogo. Lilitokea baada ya mlio, kwa kuwa nilikuwa nimejiandaa kwa miezi kadhaa kumpiga mnyama, na sikuwa nimejiandaa hata kwa saa moja kumtafuta. Ndiyo maana ushauri wangu unaanzia mahali ambapo wengi humalizia.

Kulungu ninayemzungumzia ni yule wa misitu ya nchi zenye majira ya baridi, ambaye dume lake huota pembe zenye matawi, zikadondoka kila mwaka na kuota upya. Si pongo wala swala, ambao pembe zao hudumu maisha yao yote. Ni mnyama mwenye pua kali, mwenye masikio yasiyotulia, na mwenye nguvu ya kukimbia umbali wa kushangaza hata moyo wake ukiwa umetobolewa. Hili la mwisho ndilo ambalo mwindaji mpya hulijua kwa kusikia tu.

Alasiri moja ya msimu wangu wa kwanza, jike mmoja alitokeza kwenye ukingo wa msitu, hatua zipatazo themanini kutoka nilipoketi, kifua chake kikiwa kimenielekea kwa mshazari. Ningengoja dakika moja angegeuka, lakini sikungoja. Risasi ilipopiga alikunja mgongo kama mtu aliyepigwa ngumi ya tumbo, akafyata mkia, akaondoka kwa kutembea, wala hakukimbia. Niliteremka mbio kumfuata. Juu ya jani kavu palikuwa na tone la ukubwa wa ukucha, rangi yake kahawia, na ndani yake chembe za kijani za majani yaliyotafunwa. Nilipolinusa, harufu yake ilikuwa ya samadi mbichi. Tone hilo lilikuwa linanieleza kila kitu, ila sikuwa na elimu ya kulisoma. Niliendelea kumfuata, nikamwinua mahali alipokuwa amelala, akatokomea kwenye kichaka, na giza likaingia. Tulimkuta kesho yake karibu na adhuhuri, mimi na mzee aliyenifundisha kuwinda, na nyama yote ilikuwa imeharibika. Mnyama yule aliteseka usiku kucha kwa sababu ya haraka yangu, na hakuna aliyenufaika na kifo chake.

Kwa hiyo jifunze kusoma dalili kabla hujajifunza jambo jingine. Damu nyekundu ya kung'aa yenye povu dogo dogo hutoka kwenye mapafu, na mnyama wa namna hiyo kwa kawaida huanguka si mbali. Damu nyekundu iliyokoza, inayokaribia weusi, mara nyingi ni ya ini. Majimaji ya kahawia au kijani yenye harufu mbaya ni ya tumbo au utumbo. Hata manyoya yaliyodondoka pale alipokuwa amesimama yana habari, kwa maana manyoya meupe ya chini ya tumbo hayafanani na yale mazito ya bega. Baada ya risasi ya mapafu, keti ulipo na ungoje dakika thelathini ukitazama saa. Ya ini huhitaji saa tatu au nne. Ya tumbo huhitaji saa nane au zaidi, kwa sababu kulungu aliyejeruhiwa tumboni hulala karibu iwapo hafukuzwi, na akiinuliwa huenda mbali bila kuacha tone hata moja nyuma yake.

Wakati wa kungoja huko una kazi yake. Kabla hujasogea, kariri mti aliokuwa amesimama kando yake na mahali ulipomwona mara ya mwisho, kwa kuwa ukishashuka ulipokuwa, msitu wote hubadilika sura. Chukua utepe wa rangi ya kuonekana ufunge penye kila dalili, utembee kando ya njia ya damu na si juu yake, na usiache dalili ya mwisho mpaka umeipata inayofuata. Ukipotewa, geuka utazame tepe zako nyuma; mara nyingi zenyewe zitakuonyesha mwelekeo. Taa ya kichwani yenye betri mpya ni ya lazima hata kama unakusudia kurudi kabla ya jua kuzama, na mimi hubeba mbili.

Njia bora zaidi ya kuepuka usiku wa namna ile ni risasi njema, na hapo ndipo bunduki inapoingia. Kaliba kama .243, .270 na .308 zote humtosha kulungu wa wastani, na kwa anayeanza ni afadhali bunduki isiyompiga bega kwa nguvu, kwa maana mwenye kuogopa kishindo hufumba macho anapofyatua. Irekebishe darubini yako kwa risasi zile zile utakazowindia, kwa sababu risasi za aina mbili kutoka mtutu mmoja hazitui mahali pamoja. Kisha acha ile meza ya uwanja wa shabaha. Porini hakuna meza. Fanya mazoezi ukiwa umeketi, umepiga goti, umeegemea shina la mti au fimbo ya kuegemezea bunduki, na mara nyingine panda mlima mdogo kwa kasi kwanza ili moyo udunde kama utakavyodunda siku yenyewe. Sehemu ya kifua yenye moyo na mapafu ina ukubwa wa sahani ya chakula, kama sentimita 20 hivi. Umbali ambao unaweza kupiga risasi tano zote ndani ya sahani hiyo kwa mkao wa porini ndio mpaka wako, na mpaka huo usiuvuke, hata dume la pembe pana likisimama hatua kumi mbele yake.

Tazama pia michoro ya mwili wa kulungu mpaka uone viungo vilivyo ndani kila unapomtazama akiwa hai. Anapokuwa amesimama ubavu, lenga nyuma kidogo ya bega, kwenye theluthi ya chini ya kimo cha mwili wake. Anapokupa mgongo kwa mshazari, fikiria risasi itatokea wapi na uielekeze kwenye bega la upande wa pili. Anapokuelekea kwa mshazari, kama yule wangu, au anapokupa mgongo kabisa, au anapotembea, mwache ageuke au mwache aende. Mikono ya anayemwona kulungu wake wa kwanza hutetemeka, pumzi humkatika, na akili humwambia kwamba nafasi haitarudi. Vuta pumzi tatu za taratibu, kidole kikiwa nje ya kifyatulio, na kama alama ya darubini bado inaruka, shusha bunduki.

Kuhusu kumpata, yako mengi, lakini moja lina uzito kuliko mengine yote, nalo ni upepo. Kulungu huweza kulisamehe umbo lako likitulia, na huweza kuvumilia sauti ya tawi lililovunjika, ila harufu ya binadamu humtosha kuondoka bila kuuliza. Beba kichupa cha unga laini, ukibonyeze, uone unga unaelekea wapi, na urudie kila baada ya muda, kwa sababu upepo wa msituni hauna ahadi. Kwenye miteremko, hewa hupanda jua linapopasha ardhi asubuhi na hushuka bondeni jioni inapopoa. Basi maficho yaliyokuwa mazuri saa tatu asubuhi yanaweza kuwa mabaya saa kumi na moja jioni. Mimi huchagua mahali pa kuketi kwa kufuata upepo kwanza, ndipo nizitazame njia za wanyama, magome yaliyosuguliwa kwa pembe, nyayo na kinyesi kibichi. Fanya ukaguzi huo wiki kadhaa kabla ya msimu, kisha ukae mbali na eneo hilo. Kulungu hutembea zaidi alfajiri na magharibi, kwa hiyo uwe umeketi kabla hakujapambazuka. Katika majira ya kupandana madume huhangaika hata mchana, na hapo uvumilivu wa kukaa kutwa nzima hulipa.

Watu huniuliza iwapo nguo za rangi ya chungwa hazitamtisha mnyama. Jicho la kulungu halina chembe zinazopokea rangi nyekundu, kwa hiyo chungwa linalowaka kwetu kwake huonekana limefifia kati ya rangi za majani. Bluu ndiyo anayoiona vizuri, pamoja na miale ya urujuani ambayo sisi hatuioni, na hivyo sabuni zenye viongeza vya kung'arisha nguo ndizo za kuepuka. Vaa fulana na kofia ya chungwa pasipo wasiwasi, hata mahali ambapo sheria haikulazimishi, kwa kuwa wanaopaswa kukuona ni wawindaji wenzako wenye macho ya kibinadamu.

Sheria nitazitaja kwa ufupi kwa sababu hutofautiana kutoka nchi hadi nchi, na mara nyingi kutoka jimbo hadi jimbo: pata leseni, hudhuria mafunzo ya uwindaji, fahamu tarehe za msimu, saa zinazoruhusiwa, na kama kibali chako ni cha dume au jike, na pata ruhusa ya mwenye ardhi kwa maandishi.

Usalama, kwa upande mwingine, sitaupita haraka. Ichukulie kila bunduki kuwa imejazwa. Usielekeze mtutu kwa kitu ambacho hukukusudia kukiangamiza. Weka kidole nje ya kifyatulio hadi uwe umeamua. Fahamu unachokipiga na kilichoko nyuma yake, kwa kuwa risasi inaweza kupita mwili wa mnyama na kuendelea na safari yake. Usifyatue kamwe kulungu akiwa amesimama juu ya kilele na nyuma yake kuna anga tupu. Ukiwindia kwenye jukwaa la mtini, funga mkanda wa kiwiliwili tangu mguu unapoacha ardhi hadi unaporudi chini, na uvute bunduki juu kwa kamba, ikiwa haina risasi, mtutu ukitazama chini. Kuanguka kutoka majukwaani huwajeruhi wawindaji wengi, na wengi wao huanguka wakati wa kupanda au kushuka. Mwachie mtu unayemwamini ramani ya mahali utakapokuwa na saa ya kurudi. Vaa sufu badala ya pamba kwa kuwa pamba ikilowa haikupi joto, na ukirejea jikague mwili mzima kama una kupe, maana wengine hubeba ugonjwa wa bakteria uitwao Lyme.

Kulungu akishaanguka, mkaribie kwa nyuma, bunduki ikiwa tayari, na uguse jicho lake kwa fimbo ndefu. Jicho lisipopepesa, kazi ya nyama imeanza, na saa inakuhesabia. Aliyewahi kuchinja na kuchuna mbuzi ana nusu ya elimu inayotakiwa, kwa sababu kulungu naye ni mcheuaji na mpangilio wa tumbo lake ni ule ule. Asiyewahi aombe kusimama kando ya mzoefu kabla ya safari, ashike kisu yeye mwenyewe. Kisu chenye ubapa wa urefu wa sentimita 8 au 10 kinatosha. Kikali mno ndicho salama, kwa kuwa butu hukulazimisha kusukuma. Vaa glavu. Pasua ngozi na ukuta wa tumbo ukiwa umeingiza vidole viwili chini ya makali na kuyaelekeza juu, ili usitoboe utumbo wala kibofu, kisha utoe vyote vya ndani, umwage damu, na uuache mwili wazi upoe. Joto ndilo adui wa nyama. Iwapo hewa imezidi nyuzi 4 za Selsiasi, usiuache mwili ukining'inia kusubiri kesho. Ukate vipande na uvitie kwenye barafu.

Kata na utupe nyama pana kuzunguka jeraha, hasa ukitumia risasi zilizotengenezwa kwa madini laini ya risasi (lead), kwa sababu chembe za madini hayo husambaa mbali kuliko jicho linavyoona. Risasi za shaba huondoa tatizo hilo. Uliza pia kama eneo lako lina ugonjwa wa kudhoofika wa kulungu (chronic wasting disease), unaoharibu ubongo wa mnyama. Uligunduliwa kwa mara ya kwanza mwaka 1967 huko Colorado, Marekani, na mwaka 2016 ulionekana Norway. Haujathibitika kumwambukiza binadamu, lakini hauuawi kwa kupika, na ushauri wa wataalamu ni kutokula nyama ya mnyama aliyepatikana nao. Mahali panapopimwa, peleka sampuli na ungoje jibu kabla ya kugawa nyama kwa ndugu.

Andika kibali chako palepale, kabla hujamsogeza mnyama, ikiwa ndivyo sheria inavyotaka. Safisha kisu, hesabu tepe zako na uzifungue zote msituni. Na ukifika kwenye gari, kabla hujavua buti, mpigie simu yule uliyemwachia ramani.