Maneno 20 kwa siku ni mengi mno

Umeuliza kama kukariri maneno 20 magumu ya Kiingereza kila siku kutakufikisha mbali. Kwa maoni yangu, hapana. Orodha inakupa maana, na maana ndiyo sehemu rahisi. Kazi iko kwenye matumizi. Chukua "notorious". Ukikariri tu kwamba ni "maarufu", utamsifia mwalimu wako kwa neno hilo, kumbe umemchafua, kwa sababu ni la umaarufu mbaya. "Mitigate" nalo ni kupunguza, lakini huandamana na hatari, madhara au hasara. Ukilitumia kwa kupunguza uzito wa mwili, msomaji atashangaa.

Kwa hiyo chukua maneno matano tu. Tafuta kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza iliyoandikwa kwa ajili ya wanaojifunza, soma mifano yake yote (wengi huiruka, na hapo ndipo wanapopoteza), kisha tunga sentensi kuhusu jambo unalolijua vizuri. Rudia kesho, baada ya siku chache, halafu baada ya wiki. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha tangu 1885 kwamba kusahau huwa kwa kasi zaidi mwanzoni.

Kama lengo lako ni chuo, anza na orodha ya maneno ya kitaaluma ya mtafiti wa lugha Averil Coxhead ya mwaka 2000. Ina familia 570 za maneno (kila familia ni neno moja pamoja na maumbo yake mengine), na utakutana nayo mara kwa mara kwenye vitabu vya masomo.