Kabla hujauliza bei ya leza, uliza mashine

Mimi ni mwanamke, na ndevu zilianza kuniota kidevuni nina miaka 24. Kila alfajiri nilijifungia bafuni na kibano na kioo kidogo, nang'oa. Zikaja na vipele, vipele vikaacha madoa. Ndipo nikakimbilia leza, mashine ya mwanga ya kuondoa nywele.

Mahali pa kwanza nilipokwenda niliuliza bei tu. Nilikoma. Leza inafuata weusi: mwanga wake unanyonywa na melanini, ile rangi ya unywele, unageuka joto na kuunguza shina. Sasa shoga yangu, sisi weusi melanini hiyo tunayo mpaka kwenye ngozi yenyewe! Mashine isiyotufaa inaunguza vyote viwili. Nilitoka na alama tatu za duara chini ya kidevu, na zilikaa miezi.

Safari ya pili niliuliza mashine kwanza. Kwa ngozi nyeusi unataka leza aina ya Nd:YAG, yenye wimbi la mwanga la nanomita 1064. Mwanga wake unazama chini zaidi na hauisumbui sana ngozi ya juu. Ile ya alexandrite, nanomita 755, waachie weupe. Wakanijaribia kwanza kipande kidogo karibu na sikio, nikarudi baada ya siku kadhaa wakague. Wasiojaribu, aga uondoke.

Maumivu? Chukua mpira wa kufungia noti, uvute, uuachie kidevuni, mara mia. Harufu ya nywele zikiungua ni ya kichwa cha mbuzi kinachobabuliwa. Miwani ya kukinga macho lazima.

Wiki iliyofuata niliona ndevu zinachomoza, nikataka kudai pesa zangu. Kumbe zilikuwa zinadondoka zenyewe. Nilipojifuta na taulo zikabaki kwenye taulo.

Usidanganywe na "mara moja tu". Leza inapata nywele zilizo kwenye kukua, nyingine zimelala. Uso unarudia kila wiki 4 hadi 6, mara 6 hadi 8 hivi. Katikati usinyofoe wala usipake nta, maana shina likitoka leza haina cha kuunguza. Wembe ruhusa, na hauzidishi ndevu, hata shangazi aseme nini. Jua likwepe. Mvi usizipeleke, hazina rangi ya kunyonya mwanga.

Na kama hedhi yako inaruka miezi, anzia kwa daktari wa akina mama. Homoni zikiwa zimevurugika, ndevu zitarudi tu. Mimi bado zinachomoza tatu nne, nazinyoa Ijumaa.