Mwalimu, historia nimeikariri yote, alama sizioni

Shikamoo Mwalimu. Niko mwaka wa mwisho wa sekondari na zimebaki wiki tatu tufanye mtihani wa historia ya dunia ya kisasa, kuanzia Mapinduzi ya Ufaransa mpaka kuvunjika kwa Umoja wa Kisovieti. Daftari nimelirudia mara nne, karibu kila mstari nimeupaka rangi, na tarehe ninazo kichwani. Ila kwenye mtihani wa majaribio tuliulizwa: "Je, Mkataba wa Versailles ndio uliosababisha Vita vya Pili vya Dunia?" Niliandika kurasa mbili na nusu nikapata 8 kati ya 25. Pembeni mwalimu ameandika, "Unasimulia, hujibu." Nifanyeje?
— Msomaji mwenye presha

Marahaba mwanangu. Hayo maneno mawili ya mwalimu wako yamenionyesha insha yako hata kabla sijaiona. Ulianza na Juni 28, 1919, siku mkataba huo wa kumaliza Vita vya Kwanza vya Dunia na Ujerumani ulipotiwa saini, ukataja Ibara ya 231 iliyoitwika Ujerumani na washirika wake lawama za vita, ukataja fidia ya marki za dhahabu bilioni 132, kisha ukaruka mpaka kwa Hitler na ukamalizia na uvamizi wa Poland, Septemba 1, 1939. Yote kweli. Tatizo ni kwamba msahihishaji ana rundo la karatasi mbele yake na zote zina bilioni 132. Anachotafuta ni mtu aliyepima.

Basi tupime pamoja, maana swali lako ni zuri. Kama mkataba peke yake ungetosha kumleta Hitler, tungetegemea Wajerumani wamkimbilie mapema, hasira zikiwa bado mbichi. Tazama kura. Uchaguzi wa Mei 1928, miaka tisa baada ya Versailles, Chama cha Nazi kilipata asilimia 2.6. Mkataba ulikuwepo, Ibara ya 231 ilikuwepo, fidia ilikuwa ikilipwa, na bado watu walimpita Hitler kama hawamwoni. Kwa nini? Kwa sababu tangu 1924, kwa Mpango wa Dawes uliopanga upya malipo ya fidia, mikopo ya Marekani ilikuwa imeupa uchumi wa Ujerumani nafasi ya kupumua. Oktoba 1929 soko la hisa la New York likaporomoka, mikopo ikakauka na wenye pesa wakaanza kudai zao. Septemba 1930 Wanazi wakapata asilimia 18.3. Mwaka 1932 wasio na kazi Ujerumani walifika kama milioni sita, na Julai ya mwaka huohuo kura za Wanazi zikapanda hadi asilimia 37.3.

Sasa ongeza jambo ambalo wanafunzi wengi hawaligusi: mkutano wa Lausanne, katikati ya 1932, ulikuwa umeshaifuta fidia kwa sehemu kubwa mno. Hitler aliposhika uwaziri mkuu Januari 30, 1933, mzigo ambao kila insha inaulaumu ulikuwa umeshatuliwa. Tena kwenye uchaguzi wa Novemba 1932 chama chake kilikuwa kimeteremka hadi asilimia 33.1. Hakuchaguliwa kwa wingi wa kura. Aliteuliwa na Rais Hindenburg, baada ya wanasiasa waliomzunguka rais kujiaminisha kwamba watamdhibiti.

Unaona insha ilivyogeuka? Sasa unaweza kutamka msimamo: Versailles iliacha kinyongo ambacho Hitler alikitumia, lakini mdororo wa uchumi ndio uliompa wasikilizaji, na wakubwa wa Berlin ndio waliomfungulia mlango. Baada ya hapo ndipo ueleze jinsi kiongozi huyo alivyofika kwenye vita, ukipitia makubaliano ya München ya 1938, Uingereza na Ufaransa zilipomwachia sehemu ya Chekoslovakia, na mkataba wake na Stalin wa Agosti 23, 1939. Mwenzako anaweza kubisha kwamba bila kinyongo mdororo usingeelekea kwa Wanazi, naye akapata alama zake zote. Cha muhimu ni kwamba msimamo ukae aya ya kwanza, na kila aya inayofuata ifungue kwa sababu. Aya inayofungua kwa "Mwaka 1923..." mara nyingi inaishia kusimulia.

Kuhusu wiki tatu zilizobaki: kalamu ya rangi iweke kabatini. Kusoma tena kile ulichokisoma kunakupa raha ya kukitambua, na kutambua si kukumbuka. Chukua swali moja la mitihani iliyopita, funga daftari, andika kwenye karatasi tupu msimamo wako na sababu zako tatu au nne, kila moja na ushahidi wake. Dakika kumi zinatosha. Ndipo ufungue daftari uone umeacha nini. Mara ya kwanza karatasi itakuwa na mapengo ya kutia aibu. Usiogope, hayo mapengo ndiyo ratiba yako ya kesho. Insha nzima kwa saa iandike mara moja moja tu, ili mkono uzoee muda.

Tarehe usizitupe, zichague. Kujua siku kila mkataba ulipotiwa saini hakutakusaidia sana. Lakini kiangazi cha 1914 kijue siku kwa siku: Austria-Hungaria kuitangazia Serbia vita Julai 28, Ujerumani kuitangazia Urusi Agosti 1 na Ufaransa Agosti 3, Uingereza kuingia Agosti 4 baada ya Ubelgiji kuvamiwa. Hapo mpangilio wenyewe ndio maelezo. Ugomvi wa nchi mbili umekuwa wa bara zima ndani ya wiki moja, na ukiuchanganya huwezi kueleza ahadi za ushirika na mipango ya majeshi zilivyosukumana.

Na ukipewa hati au katuni, usikimbilie kueleza inasema nini. Uliza nani, lini, mbele ya nani. Hotuba ya Churchill ya "Pazia la Chuma" kila mwaka huandikiwa kwamba "serikali ya Uingereza ilitangaza". Churchill alizungumza Fulton, Missouri, Machi 5, 1946, akiwa kiongozi wa upinzani. Uchaguzi wa 1945 ulikuwa umeshamtoa madarakani. Ila Rais Truman wa Marekani alikuwa ameketi palepale jukwaani. Mambo hayo mawili yanabadilisha kabisa uzito wa hati, na ukiyaandika msahihishaji anaamka kwenye kiti.

* * *

Mwalimu, mwanangu anazimudu vita zote mbili na Vita Baridi, lakini Mapinduzi ya Viwanda yanamchosha na anataka kuyaruka. Nimwache?
— Mama wa mtahiniwa

Usimwache, mama. Viwanda havikai kwenye swali lake peke yake. Bila hivyo swali la ukoloni litamshinda, na hilo huulizwa sana. Kinachomchosha, nadhani, ni orodha ya mashine na wavumbuzi wake. Mruhusu aipitie haraka, kisha mpe mnyororo huu. Viwanda vya nguo vya Lancashire vilitegemea pamba ya Marekani. Vita ya wenyewe kwa wenyewe huko, 1861 hadi 1865, ikaikata. Bei ya pamba ikapanda, Misri ikapanua mashamba yake na kukopa kwa kutegemea neema hiyo. Vita ikaisha, bei ikashuka, madeni yakabaki. Mwaka 1875 Khedive Ismail, mtawala wa Misri, akaiuzia Uingereza hisa zake za Mfereji wa Suez, na 1882 jeshi la Uingereza likaingia Misri.

Mwambie akusimulie hayo bila daftari, nawe kila hatua mkatize kwa "kwa nini?" Usihofu kama historia huijui, kazi yako ni kuuliza tu. Akikwama kwenye madeni, arudi kwenye pamba. Akifika 1882 bila kujikwaa, muulize kwa nini miaka miwili tu baadaye Bismarck, kansela wa Ujerumani, aliwaita wakubwa wa Ulaya mezani Berlin kuzungumzia Afrika.