Mtafute msimamizi, bosi atajileta mwenyewe: nilivyoandika tasnifu ya migodi ya Waingereza

Haya wapendwa, matokeo yametoka na nimefaulu, tena daraja la juu kabisa, na mtahini wa nje kaandika kwamba sura yangu ya tatu inafaa kuchapishwa, hiyo sentensi nimeipiga skrinshoti nikawatumia hadi watu ambao hawakuniuliza. Tangu niweke stetasi inboksi imefurika. Wengi ni nyie mnaotaka kuja kusoma historia huku Uingereza, na maswali yenu yanafanana, mada niliipataje, karatasi za kale zinasomekaje, uanzie wapi. Halafu kuna mmoja aliniuliza ni akili gani ya Mtanzania kuvuka bahari kwenda kusoma makaa ya mawe ya Waingereza waliokufa zamani. Huyo naanza naye, maana kaniuma.

Kaka, kabla ya chuo nilikuwa karani wa machimbo ya kokoto. Mwenye machimbo alikuwa anaishi mbali, kazi yake simu. Kila jioni zimetoka tripu ngapi, dizeli imebaki lita ngapi, mbona fundi wa karasha analipwa hivyo, nani kakwambia ununue tairi. Akija anapiga picha na helmeti, anaondoka. Sasa siku supavaiza wangu wa chuo alipoweka mbele yangu barua za Sir James Lowther nilisoma kurasa chache nikaanza kucheka peke yangu, kwa sababu yule mzee nilishamfanyia kazi, tofauti ni jina tu na wigi.

Lowther aliyezaliwa 1673 alikuwa mbunge, anakaa London, na utajiri wake wote uko Whitehaven, pwani ya Cumberland, kaskazini magharibi kabisa mwa Uingereza. Makaa yanachimbwa pale yanapakiwa melini kwenda Dublin. Yeye hayupo. Aliyepo ni John Spedding, msimamizi wake, na mdogo wake John, anaitwa Carlisle Spedding, ndiye mwenye migodi mikononi. Barua zinakwenda na kurudi mwaka hadi mwaka: meli ngapi zinasubiri upepo, maji yamepanda kiasi gani shimoni, farasi wanakula nini, na jirani yupi kakwama hela anataka kuuza kishamba. Hilo la mwisho msilipite haraka. Akina Lowther walinunua vishamba vya watu wadogo kuizunguka Whitehaven kimoja baada ya kingine, kwa sababu kule mwenye kumiliki kipande cha juu anaweza kukugomea usichimbe chini yake au usipitishe makaa yako kwake, kwa hiyo dawa yao ilikuwa kumnunua kabla hajajua thamani ya alichokalia.

Hapa nitoke nje kidogo ya mada. Kwetu madini ni mali ya Jamhuri, unaweza kuwa na hati ya shamba na dhahabu ya chini isiwe yako. Uingereza haikuwa hivyo, dhahabu na fedha ndivyo vya mfalme, lakini makaa, shaba na risasi (ile metali nzito, si ya bunduki) vinakwenda na ardhi au na bwana wa eneo, yaani mkubwa mwenye haki za kale juu ya eneo zima. Hata yale mawe ya risasi yenye chembe za fedha, sheria za 1689 na 1693 zilimtoa hofu mwenye ardhi kwamba mfalme atakuja kumpora mgodi. Usipolijua hili utasoma nyaraka zao miezi na miezi huelewi kwa nini watu wanagombania kichaka.

Turudi kwa Carlisle Spedding, huyu mtu nilimpenda. Wanasimulia kwamba Lowther alimtuma Newcastle akajifanye mchimbaji wa kawaida ili aibe ujuzi wa wenzao, akaenda kweli akachimba kwa jina la uongo mpaka gesi ikamuunguza, na alipoletewa madaktari wazuri kupita hadhi ya kibarua ndipo watu wakamshtukia. Kuanzia 1729 akachimba shimo la Saltom, chini kabisa ya genge la miamba, mawimbi yanapiga hapo pembeni, linashuka kama mita 138 na vichochoro vyake vinaingia chini ya bahari. Ndiyo mgodi wa kwanza Uingereza kuchimba makaa chini ya bahari, na maji yake yakawa yanavutwa na injini ya mvuke ya Newcomen. Wakati wa kuchimba wakakuta gesi, badala ya kukimbia wakaipitisha kwenye bomba mpaka juu, na Lowther akapeleka taarifa yake kwa wanasayansi wa London 1733. Nimefika pale. Majengo yamebaki magofu, upepo unakutoa machozi, nilisimama nikiwaza kwamba bosi yuko London na kiti chake na barua zake, na huku kuna mtu anasikiliza bahari juu ya kichwa chake.

Huyo huyo Spedding ndiye alitengeneza kile kifaa cha gurudumu la chuma linalosugua jiwe la kiberiti linatoa cheche, kijana analizungusha wenzake wanapata mwanga, wakiamini ni salama kuliko mshumaa. Salama wapi. Mwaka 1755 gesi ililipuka mgodini ikamuua yeye mwenyewe. Lowther naye alikufa mwaka huo huo, lakini si mgodini.

Sasa ushauri wangu wa kwanza, na kusema kweli ndio huo huo mpaka mwisho: ukiwa unatafuta mada ya ardhi au migodi, mtafute msimamizi. Kila mtu anakimbilia mwenye jina, picha kubwa ya mafuta, jumba la fahari. Mwenye jina anaandika anachotaka kuonekana. Msimamizi anaandika maji yamefika wapi. Mimi wanafunzi wenzangu waliniangalia kwa huruma nilipotangaza nasoma barua za makarani, kuna mmoja alikuwa na mada ya malkia, basi tuseme tu matokeo yametoka.

Mbili. Jifunze tarehe na vipimo kabla hujafungua boksi la nyaraka. Waingereza mpaka 1752 mwaka wao mpya kisheria ulianza Machi 25, kwa hiyo barua ya Februari unaikuta imeandikwa miaka miwili kwa mkwaju, 1729/30, na kama mwandishi alikuwa mvivu kaandika mmoja tu. Ukiipanga vibaya, jibu linatangulia swali. Vipimo ndio balaa zaidi, kipimo cha makaa kinaitwa choldroni, cha Newcastle kina handredweiti 53 (moja ni kama kilo 50) na cha London ni karibu nusu yake, jina ni lile lile. Hela ni peni 12 kwa shilingi, shilingi 20 kwa pauni, jedwali la kompyuta halitakuelewa. Na chumba cha nyaraka uingie na penseli, kalamu ya wino wanakunyang'anya mlangoni kwa adabu kabisa.

Miezi ya kunakili sitaisimulia, ni kunakili tu.

Sura ya tatu, ile iliyosifiwa (nimeshasema?), ni ya kufunga ardhi, yaani kuigawa ardhi ya pamoja na kuizungushia kuta. Picha tuliyofundishwa ni kwamba wakubwa waliwapora wanakijiji malisho ya pamoja wakazungushia kuta, basi. Ni kweli nusu. Kaskazini, kwenye milima ya risasi na mabonde ya makaa, kilichonishangaza ni kipi bwana wa eneo alikuwa tayari kukiachia. Chukua Lanchester, kaunti ya Durham, bwana wa eneo ni Askofu wa Durham. Sheria ya Bunge ya kuligawa eneo la pamoja ilipita 1773, wakaja makamishna na wapima, kila mwenye haki akapewa kipande chake na masharti ya kukizungushia, na hukumu ya mgawo ikatoka 1781. Umepata kipande, umejenga ukuta wako, umeweka chokaa udongo ukaiva. Soma chini: madini yamebaki ya bwana. Anaweza kuja kuchimba. Allendale na Hexhamshire ni hivyo hivyo, sheria ya 1792, mgawo 1800, na sehemu kubwa ya juu mlimani hata haikukatwa vipande, iliachwa malisho yenye idadi maalumu ya mifugo kwa kila mwenye haki. Majani wagawane. Risasi iliyoko chini haikuwa kwenye meza.

Kwa hiyo msimamizi mzuri wa karne ya 18 alikuwa mtu wa kukaa kwenye mikutano ya kugawa nyasi akiwa anawaza mawe. Watu wanabishana kondoo wangapi, yeye anahakikisha kifungu cha madini kimeingia, na haki ya kupita nayo imeingia. Haki ya kupita ndiyo iliyokuwa hela yenyewe kule mto Tyne, upande wa Newcastle, maana makaa yasiyofika mtoni ni udongo tu, na kila mwenye shamba katikati alidai malipo ya njia ili mabehewa yako ya farasi yapite kwenye reli za mbao juu ya ardhi yake. Familia za Liddell, Montagu na Bowes ziliungana 1726 kwa mkataba, zikashika migodi na njia pamoja ili zisikwamishane na ziweze kuwakwamisha wengine. Daraja lao la mawe la Causey, lililojengwa 1725 na 1726 na fundi Ralph Wood, bado limesimama, wakati linajengwa hakukuwa na tao la daraja refu kama lile nchi nzima, na lilikuwa la mabehewa ya makaa. Nendeni mkalione, ukitoka Newcastle ni karibu.

Na akina mama mnaoniuliza kama kuna wanawake humu: Elizabeth Montagu. London wanamjua kwa baraza lake la wasomi. Mume wake alipofariki 1775, migodi ya Denton karibu na Newcastle akaisimamia yeye, na kwenye barua zake anaongea faida ya makaa bila aibu yoyote. Andikeni hiyo mada, mimi sina muda.

Risasi nako kuna kichekesho. Migodi ya Alston Moor ilikuwa ya familia ya Derwentwater, yule bwana akaasi 1715 akakatwa kichwa 1716, mali ikataifishwa, na 1735 ikaangukia Hospitali ya Greenwich, nyumba ya mabaharia wazee huko London. Yaani mzee aliyepoteza mguu vitani baharini uji wake unatokana na mlima ambao hajawahi kuuona. Wasimamizi wa mali hiyo kuanzia 1764 mpaka 1777 walikuwa wawili, mmoja wao John Smeaton, injinia aliyejenga mnara wa taa wa Eddystone, na mwaka 1776 akaanzisha handaki refu la kutoa maji bondeni Nent. Wachimbaji wenyewe hawakuwa vibarua wa kutwa. Kikundi cha wachache, ndugu na majirani, kinapatana na wakala bei ya kila bingi moja ya mawe ya risasi yaliyosafishwa, bingi ni handredweiti 8, kama kilo 400. Wanapewa hela ya kujikimu kidogo kidogo, hesabu kamili inakuja mara moja kwa mwaka, na mkanda wa madini ukipotea kwenye mwamba mnamaliza mwaka mna deni. Wachimbaji wetu wanaokula mgao hawahitaji kuelezwa zaidi.

Sasa niwaambie ninyi mnaosimamia mali za watu, maana najua mpo wengi, kiwanja cha mjomba, nyumba ya dada aliye Ughaibuni. Andikeni. Kila shilingi iandike, risiti itunze, usiingize mkono mfukoni kwako kwa sababu bosi kasema atarudisha. Baada ya yule Lowther wa kwanza mali iliangukia kwa Sir James Lowther mwingine, aliyekuja kupewa cheo cha ukabaila, Earl wa Lonsdale, 1784, na huyu alikuwa mtu wa hasira haswa. Mwaka 1791 ardhi ya Whitehaven ilititia kwa sababu ya migodi yake, akashtakiwa akashindwa, akafunga migodi kwa kisirani mpaka wenyeji wakambembeleza na kuahidi kubeba wao hasara za namna hiyo. Wakala wake wa sheria aliitwa John Wordsworth, alimzungukia kwenye siasa na mali, anatoa hela yake kwa kazi za bosi, akiamini hesabu itakaa sawa. Alikufa 1783 akimdai zaidi ya pauni 4,000, ameacha yatima watano, mmoja wao William aliyekuja kuwa mshairi mkubwa. Lonsdale hakulipa. Watoto wakashtaki, mawakili wake wakaizungusha kesi, miaka ikaenda. Hajalipa mpaka anaingia kaburini 1802, na aliyelipa ni mrithi wake, tena pamoja na riba.

Mimi nilipofika kwenye faili la hiyo kesi nilifunga laptopu nikaenda kunywa chai. Kuna dizeli nilinunua kwa hela yangu, kuna posho za vibarua, nina daftari lote mpaka leo na yule bwana simu zangu hapokei. Mrithi wake ndio kwanza yuko darasa la pili.