Corona imerudi: maswali yenu kuhusu barakoa, wageni, kazi na uhuru

Tangu kikohozi na homa vianze tena kuzunguka majumbani, mmetuuliza mambo mawili: tujikinge vipi, na nani ana haki ya kutulazimisha. Tunayajibu pamoja, maana kinga nyingi zinazofanya kazi dhidi ya kirusi hiki hazimnyang'anyi mtu chochote, na hizo ndizo za kuanza nazo. Shirika la Afya Duniani lilipotoa tangazo lake la Mei 5, 2023, lilifuta dharura. Ugonjwa wenyewe haukwenda popote.

Wakisema ugonjwa umerudi, wanaweza kutufungia tena kwa kafyu? Sisi raia tuna haki gani? (Mombasa)

Haki zinaweza kuwekewa mipaka, lakini si mpaka wowote tu. Katiba ya Kenya, Kifungu cha 24, inataka mpaka huo uwekwe na sheria, uwe wa kiasi, na iangaliwe kama ipo njia nyepesi zaidi ya kufikia lengo lile lile. Kanuni za Siracusa za mwaka 1984, zinazotumika kupima amri za namna hii duniani, zinataka pia zisibague watu na ziwe na ukomo. Kwa hiyo amri ikitoka, ulizeni: inasimama juu ya sheria gani, inazuia maambukizi kwa njia ipi, hakuna nyepesi kuliko hiyo, na inakwisha lini.

Kati ya maswali hayo, la pili, la kuzuia maambukizi kwa njia ipi, ndilo husahaulika. Kafyu ya Kenya ilianza Machi 27, 2020. Jioni hiyo hiyo, kivukoni Likoni, watu waliokuwa wakiwahi nyumbani walibanana kwenye foleni na polisi wakawarushia vitoa machozi. Amri ya kuwatenganisha watu ikawarundika mahali pamoja, wakikohoa na kujifuta macho. Kafyu iliondolewa Oktoba 20, 2021. Uganda nako shule zilifungwa Machi 2020, na zikafunguliwa kikamilifu Januari 2022. Kuna watoto ambao hawakurudi darasani. Msimamo wetu ni kwamba hatua kama hizi ziwe za mwisho kabisa, hospitali zinapozidiwa, na zitoke zikiwa na tarehe ya kwisha. Leo wengi wetu tuna kinga ya chanjo au ya kuugua, hivyo hali si ile ya 2020.

Bosi anataka tuvae barakoa kutwa nzima, ila madirisha hayafunguliwi kwa sababu ya AC. Ni sawa? (Dar es Salaam)

Kuweka masharti ya usalama kazini anaweza, ila ameanzia mwisho. AC ya ukutani hupoza hewa ile ile ya chumbani na kuirudisha. Kwa kawaida haileti hewa mpya. Chembe za pumzi ya mgonjwa huelea humo kama moshi wa udi, na aliyekaa meza ya mbali huzivuta pia.

Fungueni madirisha mawili yanayotazamana, hata upana wa kiganja, AC ikiendelea kuwaka. Kama kuna feni, iwekwe kwenye dirisha moja ikitazama nje ili itoe hewa, na dirisha la upande wa pili liingize. Ofisi ikiweza, inunue kipimo cha kaboni dayoksaidi, gesi tunayoitoa tukipumua. Hewa ya nje ina takriban 420 ppm, yaani sehemu 420 kwa kila milioni. Chumba kikikaa chini ya 800, hewa inazunguka vizuri. Kikipita 1,500, mnavuta pumzi za wenzenu.

Hapo barakoa inabaki kwa lifti, kikao cha chumba kidogo, na yeyote anayekohoa. Ile ya bluu ya hospitali huvuja mashavuni. Funga fundo kwenye kila kamba, karibu kabisa na ukingo wa barakoa, ingiza ndani mkunjo unaobaki pembeni, kisha bana waya wa puani. Puliza kwa nguvu: ukihisi upepo machoni, bado inavuja. Barakoa za aina ya N95 huchuja angalau asilimia 95 ya chembe na za FFP2 asilimia 94, mradi zishike uso. Ndevu huziharibia kazi. Usizifue, maana kinachonasa chembe ni umeme tuli ulio kwenye nyuzi zake, na maji ya sabuni huuondoa.

Nimejipima nyumbani, umetoka mstari mmoja. Bado nakohoa, na Jumamosi dada yangu anaolewa. (Tanga)

Mstari mmoja, yaani kipimo hakijaona kirusi, kwa mtu mwenye dalili haumpi ruhusa ya kwenda. Rudia baada ya saa 48, kwa sababu siku za mwanzo kirusi puani huweza kuwa kidogo mno kwa vipimo vya haraka. Makosa ya kawaida ni kugusisha kijiti mlangoni mwa pua tu. Kiingize kama sentimita 2 na ukizungushe kwenye kuta mara tano, kila tundu la pua. Soma jibu kwa dakika zilizoandikwa kwenye karatasi yake, mara nyingi 15. Mstari hafifu ulioonekana ndani ya muda ni jibu la kuwa unao. Uliojitokeza saa moja baadaye usiuhesabu. Vipimo vingi hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 30, kwa hiyo kilichoshinda ndani ya gari juani usikiamini.

Unaweza kutoka ukishamaliza saa 24 bila homa, bila kumeza panadol ya kuishusha, na dalili zingine zikiwa zinapungua. Siku tano zinazofuata vaa barakoa ukiwa ndani na watu, na harusini kaa uani. Homa ikiwepo Jumamosi, dada atakuelewa.

Mama mkwe ana miaka 78, ana sukari na presha. Ndugu wanakuja kila siku kumsalimia. Nikiwazuia nitaonekana nina roho mbaya. (Morogoro)

Dada, usiwazuie. Hamisha mahali pa kusalimiana. Mkeka barazani au chini ya mti unamkinga mama kuliko ndoo ya kunawia mlangoni, ingawa kunawa kunafaa kwa magonjwa mengine. Mwenye mafua apige simu, na asiyeweza kungoja avae barakoa.

Kabla ya yote hayo, muulize mama mwenyewe. Ana akili timamu, na wapo wazee ambao upweke wa miezi unawaumiza kuliko hofu ya kuugua. Mweleze hatari bila kumtisha, kisha heshimu atakachochagua.

Akiugua, kipimo cha oksijeni cha kidoleni kinasaidia kikitumiwa vizuri. Akae ametulia dakika tano, vidole viwe na joto, kucha zisiwe na rangi wala hina nzito. Oksijeni ikishuka hadi asilimia 94 au chini, aonwe na daktari siku hiyo. Chini ya 90 ni dharura. Kwa ngozi nyeusi kipimo huweza kuonyesha juu kuliko ukweli, kwa hiyo hesabu pia pumzi zake kwa dakika nzima. Zikifika 30, akichanganyikiwa ghafla au akishindwa kumaliza sentensi, mpeleke hospitali hata kama namba ni nzuri. Dawa za sukari asiziache, na apimwe sukari mara nyingi zaidi, kwani maambukizi huipandisha.

Mimi ni mlinzi. Nikikaa nyumbani silipwi. (Dodoma)

Kaka, kama umeajiriwa na umepita miezi sita, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa siku 126 za ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 kwa nusu. Mwajiri anaruhusiwa kukataa kulipa usipoleta cheti cha daktari, kwa hiyo fuata ED, yaani cheti hicho cha kupumzika kazini, siku ya kwanza ya kuugua. Kenya, baada ya miezi miwili kazini, ni siku 7 kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu kila mwaka.

Kibarua hana kinga hiyo, na hili linatuuma: kumwambia mtu ajitenge huku watoto wake wakilala njaa ni kumbebesha mzigo wa wote peke yake. Mwajiri anayetaka wafanyakazi wazima amlipe kibarua siku hizo. Asipolipa, omba lindo la nje na usikae kwenye kibanda kilichofungwa.

Duka la dawa wamenipa azithromycin na dexamethasone. Nimeze? (Mwanza)

Usimeze kabla hujaonwa na daktari. Azithromycin ni ya bakteria, na hiki ni kirusi. Dexamethasone, katika utafiti wa RECOVERY wa Uingereza mwaka 2020, ilipunguza vifo vya wagonjwa waliokuwa kwenye oksijeni. Wasiohitaji oksijeni haikuwasaidia, na dawa hiyo hupandisha sukari. Kwa homa, mtu mzima ameze panadol mbili za miligramu 500 kila baada ya saa sita, zisizidi nane kwa saa 24, na asome pakiti za dawa za mafua, kwani nyingi zina paracetamol ndani. Kujifukiza hufungua pua tu. Ukijifukiza, sufuria iwe chini, imara, mbali na watoto. Maji hayo huunguza vibaya.