Kuku wameacha kutaga ghafla

Ndugu yetu wa Masasi, unauliza kwa nini kuku wako 12 wameshuka kutoka mayai 9 hadi 2 kwa siku ndani ya wiki moja. Huo si uzee; uzee hupunguza polepole. Kama wanazurura, kwanza pekua vichakani, huenda wanataga huko.

Halafu maji. Kwa joto hili la Novemba kuku mmoja hufikia nusu lita kwa siku, na wakikosa maji siku moja tu, mayai hukatika kwa siku kadhaa. Weka lita 6 kivulini, ubadilishe mchana.

Chakula: unaongeza pumba ili mfuko usiishe? Hapo protini na chokaa hupungua. Mpe kila mmoja gramu 120 za chakula cha kuku wa mayai. Kwa chokaa, makombe ya baharini, yaoshwe kuondoa chumvi na kupondwa chengachenga (unga hupita tumboni upesi mno), yakae chombo cha pembeni.

Usiku mulika tochi chini ya vichanja: utitiri hunyonya damu gizani.

Ukiona maganda laini, kukoroma na kuharisha kijani, shuku mdondo (kideri, ugonjwa wa virusi wa kuku). Usiuze kuku hata mmoja. Mwite ofisa mifugo leo. Chanjo ya matone ya jicho, inayorudiwa kila miezi 3, hukinga tu, haiponyi.